Ngazi Haikuwemo

Tulinunua nyumba Roccaspina,
ghorofa ya juu, vyumba vinne na roshani,
kwa bei ya banda la gari kwetu Aarhus.
Asger alitokwa na machozi alipofungua dirisha:
mwezi wa tano, na mlima bado una theluji,
chini yake mashamba ya dengu
kama mikeka iliyoanikwa baada ya harusi.

Dalali wetu, Ermete, alikuwa na viatu vizuri.
Viatu navikumbuka. Maneno siyakumbuki,
maana yalikuwa ya Kitaliano,
na sisi tulijua "asante", "divai" na "lini".
Kila tulipouliza, alitukatia jibini.
Tukauliza paa: jibini.
Tukauliza maji: jibini la kondoo, lililokomaa.
Ngazi hatukuiuliza.
Nani huulizia ngazi na huku anaipanda?

Wakili wa serikali alisoma hati kwa sauti,
saa nzima na robo, bila kumeza mate,
kama asomaye majina ya waliokufa,
na kumbe ndiyo aliyokuwa akiyasoma.
Mkalimani alitafsiri kila ukurasa wa tatu.
Tukatia sahihi.
Kalamu ilikuwa nzito, ya fedha;
Asger akaomba apigwe picha nayo.

Majani yalipoanza kupukutika,
Nunziata wa mlango wa chini
alitukuta tukipandisha godoro.
Akasema jambo, ufagio ukielekea vidato.
Tukasema asante.
Akalirudia polepole, kama kwa watoto:
nyumba, yenu.
Ngazi,
akatikisa ufagio.

Ngazi ilikuwa ya marehemu Assunta,
aliyezaa sita, nao wakazaa,
na waliozaliwa wakapanda meli kwenda Ajentina.
Mmoja ni mtawa. Mmoja hajulikani aliko.
Mmoja, Ovidio wa Rosario, anajulikana sana:
ana simu, ana wakili, ana nafasi.
Fungu lake ni moja kati ya arobaini na nane.
Vidato ni kumi na tisa.
Asger, mhandisi mstaafu,
alipiga hesabu nyuma ya bahasha.
"Haifiki hata nusu kidato," akasema.
"Tutakiruka."

Msituambie tuliuziwa mbuzi kwenye gunia.
Mbuzi tulimwona, tukamshika pembe.
Kilichokuwa kwenye gunia ni ukoo wake.

Kisha ikaja barua ya manispaa.
Roshani haimo kwenye ramani.
Kwa mujibu wa serikali,
asubuhi zote zile tulizokunywa kahawa
tulikuwa tumekaa hewani.

Tungeuza. Nani atanunua nyumba isiyopandika?
Kigingi cha ngazi kilipong'oka, hatukuruhusiwa kukipigilia
mpaka warithi wote waridhie,
na mtawa hajibu barua wakati wa Kwaresima.
Asger akaanguka, goti likavimba kama boga.
Ovidio akatuma pole,
na ankara.

Miaka saba sasa.
Kitaliano changu nimekisoma kwenye barua za mawakili:
najua "kinyume na", najua "ndani ya siku thelathini",
sijui samaki huagizwaje.
Nunziata hufagia Jumamosi, ngazi nzima,
hata fungu la mtawa.
Siku ya dengu mpya hutuachia bakuli mlangoni,
naye ndiye mrithi pekee aliyekwisha kutia sahihi.

Usiku namsikia Asger akipanda,
kiganja ukutani, akihesabu kwa lugha yetu.
Kwenye kidato cha kumi na mbili hunyamaza,
huinua mguu juu kuliko inavyohitajika,
kisha huendelea na kumi na tatu.

Jana Ermete alikuja nyumba ya mkabala
na vijana wawili kutoka Rotterdam.
Alikuwa na viatu vipya, na kisu kidogo.
Binti alikuwa amefumba macho, akionja.
Nikainama kwenye roshani yangu isiyokuwepo,
nikapaza sauti kwa Kitaliano, nikaita kwa Kiingereza,
mwishowe kwa lugha yetu, kwa hasira:
ulizeni ngazi! Ngazi ni ya nani?

Wakaangalia juu. Wakatabasamu.
"Asante," wakasema, "asante,"
wakanipungia mkono,
wakanipiga picha.